Podikasti ya sayansi isiwe hotuba iliyorekodiwa

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuseme na wenzetu wanaotayarisha vipindi vya sayansi kwa Kiswahili, hasa msimu huu mahindi yanapotoka shambani na wengi wanarekodi vipindi kuhusu sumukuvu, yaani sumu ya aflatoksini inayotolewa na kuvu. Vipindi vingi vinavyotumwa kwenye simu ni hotuba tupu. Mtaalamu anaalikwa, anasoma dakika 40, anashukuriwa. Msikilizaji akizima simu hana hata jambo moja la kwenda kufanya ghalani.

Mada hii haivumilii uzembe. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumukuvu, na 125 kati yao wakafariki. Mwaka 2016 msiba wa aina hiyo ukafika Dodoma na Manyara. Sumu hii haionekani kwa macho, na moto wa kusongea ugali hauiondoi.

Chukueni mfano wa kipimo cha chumvi, cha kujua kama mahindi bado yana unyevu, maana kinafaa sana sikioni. Chupa ya kioo iliyokauka kabisa inatiwa mahindi hadi kama theluthi, vinaongezwa vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, inafungwa, inatikiswa dakika moja, kisha inaachwa itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado yana unyevu unaozidi asilimia 15. Rekodini kitendo chenyewe, maikrofoni ikiwa shubiri moja kutoka kwenye chupa. Mahindi makavu yanagonga kioo kwa mlio mkali. Mabichi mlio wake ni mzito. Wekeni milio hiyo miwili ifuatane, na mtangazaji anyamaze kwa sekunde tano. Ukimya huo unafundisha kuliko aya nzima.

Kuna mtego hapa. Ni rahisi mtangazaji kusema kwamba chumvi isipoganda basi mahindi yamekauka. Sivyo. Kipimo hiki kinaishia asilimia 15, na mahindi ya kuhifadhi hayatakiwi kuzidi asilimia 13.5. Chumvi isipoganda, mahindi yarudi juani, juu ya turubai, si juu ya udongo. Tena chumvi iliyoshika unyevu, kama inavyolowa yenyewe huku mwambao, itaganda hata kwa mahindi makavu. Maneno hayo hayamalizi nusu dakika, lakini mhariri akiyakata ili kipindi kiwe kifupi, gunia la mtu litaota kuvu.

Tarakimu nazo zina shida yake. Kiwango cha juu cha sumukuvu kinachoruhusiwa kwenye mahindi Afrika Mashariki ni sehemu 10 kwa bilioni, na bilioni haina umbo akilini mwa mtu anayepukuchua. Semeni hivi: lori lenye magunia 300 ya kilo 100 lina punje kama milioni 100, sumu yote iliyomo ikikusanywa pamoja, uzito wake usizidi punje moja. Ila mfano ukikatwa vibaya, msikilizaji anabaki na wazo kwamba punje moja mbovu kwa lori zima ndiyo ruhusa. Ongezeni hapohapo kwamba sumu haisambai sawasawa. Inajikusanya kwenye punje chache, ndiyo maana sampuli ya kupimwa huchotwa sehemu nyingi za mzigo, si kiganja kimoja cha juu.

Kuhusu mtaalamu, msimpe maswali ya kusomea majibu. Mpeni gunzi lenye kuvu mkononi mumuulize anaona nini. Hapo lugha yake inateremka yenyewe kutoka kwenye karatasi. Kabla ya kipindi kutoka, asikilize toleo la mwisho, arekebishe ukweli tu, mtindo auache kwa mtayarishaji. Zimeni feni na jokofu, tundikeni mablanketi ukutani ili kuua mwangwi, na rekodini dakika moja ya ukimya wa chumba ya kuzibia mahali palipokatwa. Sauti ya chaneli moja kwa kilobiti 64 kwa sekunde inafanya dakika 10 ziwe kama megabaiti 5. Ukiweka chaneli mbili kwa kilobiti 128, bando la msikilizaji linaliwa mara mbili na sauti ya mazungumzo haizidi kueleweka.

Masimulizi tunayo. Aliyelelewa na paukwa, pakawa anajua kwamba kiitikio kinachorudi mara tatu hakisahauliki: kausha, chambua, inua. Inua, yaani gunia likae juu ya vichaga, lisiguse sakafu wala ukuta. Tunachowasihi ni msimfanye mkulima kuwa mjinga wa hadithi. Ukame unaodhoofisha mmea, wadudu wanaotoboa punje na mvua inayonyesha wakati wa kuvuna ndivyo vinavyofungulia kuvu mlango. Mtu aliyezika ndugu hatarudi kusikiliza kipindi kinachomwita mvivu.

Mwaka 1973, hapa Tanzania, kampeni ya elimu ya afya iliyoitwa Mtu ni Afya haikutegemea redio peke yake. Watu walikaa kwa vikundi na kiongozi wao, wakasikiliza, wakafungua kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Podikasti inamfikia mtu mmojammoja mwenye visikizio masikioni, kwa hiyo mwenzake wa kujadiliana naye hana budi kutafutwa. Kabla ya kutoa kipindi, wasikilizisheni watu watatu wasio wa fani, muwaombe wakisimulie bila kusaidiwa. Pale wote watatu wanapokosea, andikeni upya.

Ndugu Mhariri, kijitabu cha leo kinaweza kuwa ukurasa wa gazeti lako. Tunakuomba msimu huu uchapishe kwa rangi picha ya punje nzima, iliyovunjika, iliyotobolewa na wadudu na yenye kuvu ya kijani, kwa ukubwa unaoonekana, na chini yake uandike kwamba kuchambua kunapunguza sumu lakini punje safi kwa macho bado inaweza kuwa nayo.

Watayarishaji wa vipindi vya sayansi,
Dar es Salaam