Ahadi ya siri haikuiokoa Saigon

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nijibu makala mliyoichapa hivi karibuni, ambayo mwandishi wake alidai kwamba serikali inayopigana vita visivyopendwa na wananchi wake haina budi kuwaweka wapiga kura mbali na meza ya mazungumzo, kwa kuwa kelele za nyumbani humdhoofisha mjumbe mbele ya adui. Mfano alioutegemea ni wa Marekani katika vita vya Vietnam, ilipoitetea serikali ya Kusini, yenye makao yake Saigon, dhidi ya Kaskazini ya kikomunisti, yenye makao yake Hanoi. Kwa maoni yangu, mfano huo huo ndio unaomkanusha.

Ni kweli kwamba siasa za ndani zilimbana Rais Lyndon Johnson wa Marekani. Baada ya mashambulizi ya Tet, yale makubwa ya ghafla ya wakomunisti katika miji ya Kusini mwanzoni mwa 1968, alitangaza Machi 31 kwamba angepunguza mashambulizi ya ndege dhidi ya Vietnam ya Kaskazini na kwamba hatagombea tena urais. Mazungumzo yalianza Paris mwezi Mei, na Oktoba 31, siku chache tu kabla ya uchaguzi, aliyasimamisha mashambulizi hayo kabisa. Siku mbili baadaye Rais Nguyen Van Thieu wa Vietnam ya Kusini alikataa kupeleka wajumbe wake Paris. Kambi ya Richard Nixon, mgombea urais wa chama cha Republican, kupitia kwa Anna Chennault, mchangishaji fedha wa chama hicho, ilikuwa imemtaka Thieu asikubali haraka. Wanahistoria bado wanabishana kama Thieu alihitaji kushawishiwa, maana alikuwa na sababu zake mwenyewe. Ila Johnson alizipata habari hizo kwa kunasa mawasiliano, akanyamaza, na Wamarekani wakaenda kupiga kura bila kujua lolote. Wapiga kura wanaolaumiwa kwa kelele hawakuwa hata wameambiwa kinachoendelea.

Lakini jambo ambalo mwandishi wetu amelipita kimya, na ambalo mimi naliona ndilo kubwa kuliko yote, ni barua za Nixon, aliyeshinda uchaguzi huo akawa rais. Mnamo Oktoba 1972 Henry Kissinger, mjumbe wa Nixon, na Le Duc Tho, mjumbe wa Kaskazini, walikuwa wameafikiana rasimu ya mkataba, na Thieu akaikataa kwa sababu iliyaacha majeshi ya Kaskazini ndani ya ardhi ya Kusini. Ili kumtuliza, Nixon alimwandikia faraghani, Novemba mwaka huo na tena Januari 1973, akimhakikishia kwamba Kaskazini ikivunja mkataba Marekani itajibu kwa nguvu kamili. Katikati ya barua hizo Hanoi ilipigwa mabomu mfululizo mwezi Desemba, kisha mkataba ukatiwa saini Januari 27, 1973, ukiwa na tofauti ndogo na rasimu ya Oktoba.

Ahadi ile ilikuwa ya nani? Bunge la Marekani halikuoneshwa barua hizo, wala wananchi hawakuulizwa kama wako tayari kurudi vitani kwa ajili ya Saigon. Bunge hilo hilo lilipitisha sheria iliyozuia operesheni zote za kijeshi za Marekani katika Indochina (yaani Vietnam, Laos na Kambodia) kuanzia Agosti 15, 1973. Barua zilipofichuliwa, mwezi Aprili 1975, Saigon ilikuwa inaanguka, na Thieu alikuwa ameitegemea hundi ambayo mtiaji saini hakuwa na fedha benki. Siwezi kuiita hiyo diplomasia iliyodhoofishwa na siasa za ndani. Ni diplomasia iliyozikwepa siasa hizo tangu mwanzo, na kwa hiyo haikuwa na mtu wa kuitetea siku ilipohitajika.

Sisemi kwamba kila neno la mezani litangazwe redioni. Rais Charles de Gaulle wa Ufaransa naye alizungumza kwa siri na wapigania uhuru wa Algeria, iliyokuwa chini ya Ufaransa, lakini Januari 8, 1961, aliwauliza wananchi kwa kura ya maoni kama Waalgeria wajiamulie hatima yao, na takriban robo tatu ya waliopiga kura walikubali. Majenerali wake walipoasi Algiers mwezi Aprili, walikuwa wanaasi dhidi ya uamuzi uliokwisha kupigiwa kura, na uasi wao haukudumu wiki. Makubaliano ya Evian ya Machi 1962, yaliyovimaliza vita hivyo, nayo yalipelekwa kwa wapiga kura mwezi uliofuata. Yaliyowapata Waalgeria waliokuwa wamelitumikia jeshi la Ufaransa, ambao wengi wao waliachwa nyuma wakauawa, ni aibu ambayo kura hizo haziifuti. Hata hivyo Ufaransa ilitoka vitani ikiwa na neno moja, ndani na nje.

Kwa hiyo ningemwomba mwandishi, akirudi tena kwenye mada hii, atenganishe mambo mawili aliyoyachanganya: mjumbe kuficha anachokusudia kumwachia adui kabla hawajaafikiana, jambo ambalo simpingi, na rais kuificha nchi yake ahadi ambayo vijana wa nchi hiyo ndio watakaotumwa kuitimiza.

Msomaji wako,
Tanga