Mmempanga bingwa, basi msimvue ovyo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nimjibu mteja wangu mmoja. Ningemjibu pale pale, ila nilikuwa na misumari mitatu mdomoni.

Mimi ni fundi viatu hapa Moshi, jirani na soko la Mbuyuni. Mteja huyo ni mwalimu, mtu wa heshima zake, alileta kiatu cha kulia kipigwe soli. Akaona kwenye simu yangu, niliyoiegemeza kwenye kopo la gundi, marudio ya mieleka ya Marekani. Akacheka. "Fundi, na mvi hizo bado unaangalia watu wanaodanganyana? Bingwa si anapangwa ofisini?"

Anapangwa, mwalimu. Hilo sibishi. Nimelijua tangu nikiwa darasa la sita, tulipokuwa tunabanana kwenye kibanda umiza kule Pasua mbele ya mkanda wa video uliochujuka mpaka huwezi kujua chupi ya mtu ni nyekundu au ya machungwa. Jamaa mmoja mkubwa akatutangazia kwamba mshindi anajulikana kabla ya kengele. Tukanyamaza kidogo, halafu tukaendelea kupiga kelele. Tena mwaka 1989 wenye kampuni yenyewe, iliyokuwa ikiitwa WWF na leo ni WWE, walikwenda mbele ya watunga sheria wa jimbo la New Jersey wakasema kwa vinywa vyao kuwa hii ni burudani, si mashindano, ili waondokane na kodi na tume ya michezo. Kwa hiyo mwalimu ameleta habari iliyolala.

Anayesikiliza mchezo wa redio haulizi kama yule mama mkwe mkorofi ana mkwe kweli. Anataka kujua tu kama ukorofi wake umekolea.

Tunachogombania sisi mashabiki ni kigezo cha kumpanga bingwa. Zamani, mapromota wa pande mbalimbali za Marekani walioungana mwaka 1948 chini ya NWA walikaa na kukubaliana juu ya bingwa mmoja, azunguke kwa wote. Kwa miaka mingi walimtaka Lou Thesz. Sababu haikuwa sura. Thesz aliijua mieleka ya kweli, ile ya kukunjana viungo, na kama promota mjanja wa mji fulani angemtuma mtu wake avunje makubaliano ili abaki na mkanda wa ubingwa, Thesz angemkunja kama turubai. Yaani bingwa wa kupangwa, lakini hakuna wa kumpangua.

New York walikuwa na hesabu nyingine. Bruno Sammartino, mhamiaji kutoka Italia, alikaa na mkanda kuanzia 1963 hadi 1971 kwa sababu watu walikuwa wanajaza ukumbi wa Madison Square Garden kumwona, na wahamiaji wenzake wakiwa mbele. Hiyo ni hesabu ya kiingilio, naielewa. Hata mimi viatu vinavyouzika ndivyo navipanga mbele. Ikikosewa ndipo inapokera. Mei 2017 Jinder Mahal, Mkanada mwenye asili ya India, mtu aliyekuwa wa kupigwa karibu kila wiki, alipewa ubingwa mbele ya Randy Orton wakati kampuni inalinyemelea soko la India. Novemba akavuliwa huko Manchester, mwezi mmoja kabla ya onyesho la New Delhi. Sasa walimbebea nini?

Lakini kidonda changu mimi ni Kofi Kingston, mzaliwa wa Ghana. (Walipomleta mwaka 2008 walimtangaza kuwa ni Mjamaika, na lafudhi juu. Basi tu.) Miaka 11 alikuwa mtu wa kurukaruka na kuchangamsha ukumbi, akipata mikanda ya pembeni, ule mkubwa anausikia kwa wenzake. Februari 2019 mwanamieleka mwenzake, Mustafa Ali, akaumia, Kofi akaingizwa nafasi yake. Usiku ule alikaa ulingoni zaidi ya saa nzima, anamaliza huyu anaingia yule, na ukumbi ukasimama naye. Tangu hapo kila alikopita watu walikuwa wanamdai mkanda kama wanadai mishahara.

Aprili 7, Jumapili ya Sikukuu ya Karume, usiku wa kuamkia Jumatatu, tulikuwa watu tisa kwenye chumba cha shemeji yangu Majengo, bando tumechangishana. Kofi alipombana Daniel Bryan, bingwa wa wakati huo, mabega chini na mkono wa mwamuzi ukapiga mara ya tatu, shemeji, mtu ambaye hata harusini hachezi, alipanda juu ya kochi na viatu vyake. Wanawe Kofi wakaingia ulingoni. Alikuwa bingwa wa kwanza wa mkanda ule aliyezaliwa Afrika. Hakuna hata mmoja wetu aliyesahau kwamba matokeo yameandikwa. Tulifurahi kwa sababu walioandika walikuwa wametusikia.

Oktoba 4 mwaka huo huo kipindi cha SmackDown kikahamia televisheni ya Fox, wakataka mbabe wa kufungulia duka. Wakamleta Brock Lesnar. Kengele ikalia, Lesnar akamweka Kofi mabegani, akambwaga, moja, mbili, tatu. Haikufika sekunde kumi. Mimi nilidhani bando limenichezea, nikairudisha nyuma video mara mbili. Siku 180 za ubingwa zimekwisha na mtu hajatoa hata jasho.

Hapo ndipo nilipoudhika, mwalimu. Kofi kushindwa si neno, kila bingwa hushindwa. Ila aliyewachukua watu miaka 11 kumwamini, mtafutie japo dakika kumi na tano za kuanguka. Mimi soli niliyoishona siku nzima siing'oi kwa koleo mbele ya mwenyewe.

Sisi hatuna kura, tuna koo. Februari 2024 ilionekana The Rock anachukua nafasi ya Cody Rhodes ya kugombea mkanda mbele ya Roman Reigns, aliyekuwa bingwa tangu Agosti 2020. Mashabiki wakazomea mpaka mpango ukageuzwa. Aprili 7, tarehe ile ile ya Kofi, Cody akamvua Reigns kule Philadelphia baada ya siku 1,316. Shemeji safari hii alivua viatu kwanza.

Nyuma ya kijiwe changu kuna seremala mwenye lundo la maranda, na watoto wakitoka shule huligeuza ulingo. Niliwashonea mkanda wa ngozi ya begi bovu, katikati nikaweka kifuniko cha kopo la rangi nilichokigonga nyundo kikapata mabonde. Siku ya kwanza akauvaa mkubwa wao, bonge la mtoto. Siku ya pili wengine wakagoma kuangushwa. Wakakaa juu ya mbao wakabishana wee, mwisho ikakubalika uende kwa katoto kamoja kanakojua kuanguka: kanapinda mgongo hewani, kanalala kimya kabisa kwenye maranda, halafu mguu mmoja unaanza kutikisika. Bonge alichukua muda mrefu kushindwa. Aliyumba, akashika nguzo, akaomba maji, akanyimwa, akarudi kuyumba. Seremala aliacha kupiga msumeno akaja kuangalia.

Mwalimu, kiatu chako kiko tayari tangu Jumanne. Ukija kukichukua njoo saa kumi na moja jioni, ndio muda wanaoanza.

Fundi Viatu,
Mbuyuni, Moshi.