Barua kwa mwanangu: pima kwanza, jina baadaye

Mwanangu,

Karatasi ya jaribio la aina za pembetatu uliyotuma nimeipata. Nimeisoma mara tatu, mara ya mwisho nikiwa na rula mkononi. Wiki ijayo unaingia kwenye mtihani, nami usingizi haunijii, kwa sababu makosa yako yote ni kosa moja: unatazama umbo, unaamini macho, unaandika jina.

Swali la tano pembetatu imelazwa ubavu. Pembe mraba, ile ya nyuzi 90, iko juu, siyo chini kushoto ulikozoea kuiona, ukaandika "pembe kali". Na kile kialama cha kimraba kilikuwepo pale pale konani! Pembetatu haibadilishi jina kwa kugeuzwa. Swali la saba umeona kama pande zote ziko sawa, ilhali vipimo ni sentimita 6, 6 na 5. Hiyo ni pacha, pande mbili tu ndizo sawa. Namba uliandikiwa, mwanangu. Hukuzisoma.

Maswali ni mawili nawe unayachanganya. Ukiuliza pande: zote zikilingana ni pembetatu sawa, mbili zikilingana ni pacha, zote zikitofautiana ni guni. Ukiuliza pembe: zote tatu zikiwa chini ya nyuzi 90 ni ya pembe kali, moja ikiwa 90 kamili ni pembetatu mraba, moja ikizidi 90 ni ya pembe butu. Kwa hiyo pembetatu moja hubeba majina mawili. Yenye nyuzi 45, 45 na 90 ni pacha, tena ni mraba. Yenye pande 3, 4 na 5 ni guni, nayo ni mraba. Swali la tisa lilitaka majina yote mawili, ukatoa moja ukaenda zako.

Lakini swali la kumi! Uliandika kwamba pembetatu haiwezi kuwa na pembe butu mbili, kwa sababu hizo mbili peke yake zimeshapita nyuzi 180 kabla ya ya tatu kuhesabiwa. Nilikisoma ulichoandika kwa sauti, mama yako akaacha alichokuwa akifanya akasikiliza. Anayefikiri hivi anakosaje swali la tano?

Kuhusu pembetatu sawa kuwa pacha pia, usijilaumu. Uliandika "ndiyo" kisha ukafuta, alama ya kifutio bado inaonekana. Euclid, yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, aliita pacha ile yenye pande mbili tu zinazolingana. Siku hizi vitabu vingi huihesabu pembetatu sawa kuwa pacha, maana pande zake mbili zinalingana, na ya tatu imeongezeka tu. Aliyekubishia kwamba siyo pacha alikuwa na sauti kubwa kuliko hoja yake. Usifute tena kwa sababu ya sauti ya mtu.

Wakikupa pande bila pembe, usichore ukakisia. Zidisha upande mrefu kwa wenyewe, ulinganishe na jumla ya zile mbili, kila moja ikizidishwa kwa yenyewe. Zikilingana ni mraba, mrefu ukizidi ni butu, ukipungua ni kali. Pande 5, 6 na 7: 49 dhidi ya 61, kali. Pande 4, 5 na 8: 64 dhidi ya 41, butu. Ila tazama kwanza kama zinafunga. Pande 2, 3 na 6 hazifungi kabisa, zile fupi mbili hazikutani.

Lango la uani lilikuwa limeinama. Fremu ya mbao nne hulala upande hata kama hakuna ubao uliovunjika, basi nimegongomea ubao wa mshazari, kona hadi kona, zikawa pembetatu mbili, na sasa halitikisiki. Mdogo wako alinishikia misumari. Nikamwuliza ile ya chini ni ya aina gani, akajibu "mraba" bila kupima, kama wewe vile vile. Nikamtuma kipimapembe. Kona ilikuwa nyuzi 88. Jumamosi nitaung'oa ule ubao niupige upya.

Kipimapembe chenyewe ni chako, ulikisahau kwenye droo. Nakituma pamoja na barua hii, na bikari pia. Skrubu yake ilikuwa imelegea, nimeikaza, lakini iangalie tena siku moja kabla ya mtihani.

Baba yako