Nani Atamuuliza Mzee Rajabu?

Magomeni, Dar es Salaam

Ndugu yangu Hamisi,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na watoto huko Morogoro. Sisi hatujambo. Ama kuhusu ile hofu na mashaka tuliyofundishwa shuleni kuitanguliza katika kila barua, safari hii ninayo ya kweli, kwa hiyo usiichukue kuwa ni desturi tu. Najua nimekaa kimya tangu mfungo na sina udhuru wa kukutosheleza.

Mzee Rajabu hajatamka neno tangu alipopata kiharusi, na sasa ni wiki ya sita. Jumapili nilikwenda kumwona. Wamemlaza chumba cha mbele, uso umeelekezwa dirishani, macho yako wazi lakini hayamfuati mtu. Bi Zuhura ameiweka ile redio yake iliyofungwa kwa mpira juu ya kigoda karibu na mto, na kila ifikapo saa ya taarifa ya habari huongeza sauti kidogo, kisha humtazama usoni. Nilipoketi akaniambia, "Msalimie, anasikia." Juma, aliyekuwa amesimama mlangoni, akanitikisia kichwa kwa siri. Nikasema, "Shikamoo, Mzee," na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, shikamoo yangu haikupata marahaba.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikibishana nawe kichwani. Unakumbuka ulivyotufunga mdomo pale kwa Mzee huyo huyo, ukasema kwamba fikra hutoka ubongoni kama nyongo itokavyo kwenye ini, basi, hakuna cha ziada? Baadaye niligundua kwamba hata maneno yenyewe hayakuwa yako, kwa maana Carl Vogt, Mjerumani, aliyasema mwaka 1847. Nakusamehe wizi huo. Ila bahati imetaka nirudi kwenye hoja yako kwa njia ya nyongo yenyewe, kwa sababu mwezi wa nne niliondolewa mfuko wa nyongo, na ndiyo sehemu kubwa ya kimya changu.

Nianze kwa kukupa haki yako. Mtaalamu wa usingizi alinichoma sindano ya nusu kaputi, akaniambia nihesabu, nilifika tatu, na neno lililofuata kulisikia lilikuwa, "Amka baba, tumemaliza." Kati ya tatu na neno hilo zilikuwa zimepita saa mbili. Haikuwa kama kulala, maana aliyelala akiamka hujua kwamba alilala. Mimi sikuwa na hata giza la kukumbuka. Kama maji meupe kama maziwa yanayopita kwenye mshipa wa mkono yanaweza kuniondoa mzima mzima namna ile na kunirudisha, siwezi tena kuzungumza kuhusu fahamu kama kitu kinachoelea mbali na ubongo. Waliotunga jina la nusu kaputi hawakukosea.

Lakini sikiliza yaliyofuata. Kesho yake nesi aliniletea mawe yangu matatu katika kichupa. Wodi nzima iliyaona. Mtoto wa jirani yangu wa kitanda akataka kuyashika. Homa yangu ilipimwa bila kunihoji, presha na damu vilevile. Ilipofika zamu ya maumivu, nesi yule yule aliinama akauliza, "Baba, ukiyapima kwa kumi, ni ngapi?" Nikasema saba. Akaandika saba! Hospitali yenye mashine zote zile ililazimika kuniuliza mimi, na kuniamini. Hapo ndipo nyongo yako na fikra zako zinapoachana, Hamisi. Nyongo huwekwa kwenye kichupa ikatazamwa na kila mtu, lakini maumivu yale yalikuwa na mtazamaji mmoja tu.

Wala si kwamba wataalamu hawajajitahidi. Tangu tarehe 16 Oktoba 1846, daktari wa meno William Morton alipomvutisha mgonjwa etha, dawa ya usingizi, mbele ya madaktari wa Boston, Marekani, dunia imekuwa ikizima na kuwasha fahamu za watu kila siku. Siku hizi inajulikana kwamba dawa za usingizi kama propofoli huzidisha nguvu ya kemikali inayotuliza seli za ubongo, na bado wanabishana ni kwa vipi utulivu huo wa seli humwondoa mwenyewe. Mwaka 1998 mwanasayansi Christof Koch aliwekeana dau na mwanafalsafa David Chalmers kwamba ndani ya miaka 25 alama ya wazi ya fahamu katika ubongo ingekuwa imepatikana. Mwaka 2023, huko New York, alikubali kwamba ameshindwa akatoa mvinyo. Angalau yeye alilipa. Pweza wangu wa Feri, wa dau letu mimi nawe, bado namsubiri.

Usinielewe vibaya. Kuna jirani aliyesikia habari za Mzee akaja na jibu tayari, kwamba sayansi imegota kwa hiyo ni majini, na anamfahamu fundi wa Mbagala. Nilimwambia kiwanja kisicho na hati hakiwi cha yeyote anayewahi kumwaga mchanga. Bi Zuhura alicheka, jambo ambalo sikulitarajia.

Sasa narudi kwa Mzee, maana ndiye aliyenishikisha kalamu. Mwaka 2006 mtafiti wa ubongo Adrian Owen na wenzake walimweka ndani ya mashine ya MRI, ile inayoonyesha ubongo ukifanya kazi, mwanamke wa miaka 23 aliyeumia katika ajali ya barabarani, ambaye kwa nje hakuonyesha dalili yoyote ya kujitambua, wakamwomba awaze kwamba anacheza tenisi, kisha kwamba anapita katika vyumba vya nyumba yake. Ubongo wake uliitika kama wa mtu mzima wa afya. Mwaka 2024 yakachapishwa matokeo ya wagonjwa 241 wasioweza kutii amri kwa nje; 60 kati yao, yaani mmoja katika kila wanne, walionekana kuitii kwa ndani. Lakini hata mashine hiyo ilisomeka kwa sababu watu wenye afya waliwahi kuingizwa humo kwanza, wakaombwa wawaze tenisi, na wakaaminiwa kwamba waliiwaza. Mwanzo wa kamba ni swali lile lile la nesi.

Picha ya Mzee ilionyesha damu ilipovujia, na daktari aliieleza kwa uangalifu mkubwa. Haikuonyesha kama aliisikia shikamoo yangu. Nilipomtania kuhusu deni lake la bao, kidole gumba chake cha kushoto kilicheza. Juma anasema hucheza hata usiku, chumbani pakiwa hapana mtu, na huenda ni kweli.

Nimesoma kwamba wapimaji wa fahamu hupendelea kutumia kioo, kwa kuwa wako wagonjwa ambao macho yao hufuata sura yao wenyewe ilhali hayafuati mtu wala kitu kingine. Bi Zuhura anacho kioo kidogo cha mkononi. Je, nimshauri ajaribu, au nitakuwa nampandisha matumaini nisiyoweza kuyashusha? Nikimwomba Mzee akunje kidole mara mbili, nirudie mara ngapi kabla sijaita hilo jibu? Asipokunja, nitakuwa nimejua nini? Yule daktari uliyesoma naye Mzumbe bado yuko, na anaweza kupokea simu ya Juma? Nawe utakuja lini, maana Mzee alikuwa akikusikiliza wewe kuliko sisi sote, hata ulipokuwa unakosea?

Nijibu kabla ya Ijumaa, nitakuwa huko baada ya sala. Redio nitainunulia betri.

Wako,
Salehe