Malalamiko kuhusu demista isiyolingana na oda

Kwa Meneja Mauzo,

YAH: DEMISTA YA KITENGANISHI CHA WIMA CHA GESI, KIPENYO CHA NDANI MM 1,200

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Demista mliyotuletea, yaani wavu wa waya wa kunasa matone yanayobebwa na gesi, hatutaifunga. Ipo stoo.

Kosa kubwa ni kipenyo. Vipande vyote vitatu vikipangwa sakafuni vinatoa mm 1,180, wakati mchoro tuliowatumia unadai mm 1,212 ili wavu ujibane wenyewe ukutani. Ikifungwa hivi ilivyo, utabaki mwanya wa mm 10 kuzunguka tenki lote. Kwa macho ni upana wa kidole tu, lakini ni zaidi ya asilimia 3 ya eneo la kupitishia gesi, na hapo hakuna waya hata mmoja wa kuizuia. Gesi hufuata njia nyepesi: itapita pembeni kwa kasi, ikibeba matone ya kondenseti (mafuta mepesi yatokanayo na gesi) ambayo wavu ulipaswa kuyanasa. Yakifika kwenye mnara wa glaikoli, kimiminika cha kukaushia gesi, glaikoli itatoa povu na gesi itatoka ingali na unyevu.

Uzito nao umetusikitisha sana. Tuliagiza unene wa mm 150 na msongamano wa kilo 192 kwa mita ya ujazo. Hata kwa kipenyo hicho mlichokipunguza, wavu bila gridi (fremu ya chuma inayoushikilia) ungekuwa na kilo 31 na ushei. Mizani imesoma 23.6, yaani msongamano wa kilo 144. Kwa rula unene ni sawasawa. Ukibonyeza kwa kidole gumba, wavu unazama. Waya umepunguzwa, na matone madogo ndiyo yatakayoponyoka.

Gridi ya kipande cha kati ina upana wa mm 520, na manholi, tundu la kuipitishia ndani ya tenki, ni mm 450. Wavu unabanika, chuma cha gridi hakibaniki. Halafu cheti cha waya kinasema chuma cha pua aina ya 304, si 316L tuliyoagiza, inayohimili chumvi zaidi, ilhali maji yanayokuja na gesi yetu yana chumvi.

Tunataka demista mpya kwa gharama zenu, usafiri ukiwemo, na kila kipande kisizidi upana wa mm 410. Msiisafirishe kabla hatujaidhinisha picha za vipande vikiwa vimebanwa ndani ya duara la mm 1,200, pamoja na uzito wa kila kimoja na cheti cha 316L. Salio la ankara tumelizuia hadi hapo. Tunaomba majibu kwa maandishi ndani ya siku 14.

Idara ya Matengenezo