Sekunde tatu za kumsubiri mwanafunzi

Mwanangu,

Nimefurahi kusikia umepangiwa Hisabati Kidato cha Kwanza, na kwamba mkuu wa shule amekukabidhi na timu ya netiboli. Baba yako anaona ni mzigo mkubwa kwa mwalimu mgeni. Mimi naona ni bahati, maana kazi ni ileile: mtoto atende yeye, asibaki kukutazama wewe ukitenda.

Darasani, ukiuliza swali, nyamaza. Miaka ya 1970 mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, aligundua kwamba walimu wengi husubiri jibu kwa takriban sekunde 1 tu, kisha hudakia wenyewe. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka, na wanafunzi waliozoea kukaa kimya wakaanza kusema. Sekunde 3 unazijua, ndizo anazoruhusiwa mchezaji wa netiboli kukaa na mpira. Mbele ya darasa utaziona ndefu mno, zivumilie. Na jina litaje mwishoni. Ukianza na "Asha, robo tatu ya 40 ni ngapi?" darasa zima lililobaki limeshapumzika.

Hilo la "Mmeelewa?" liache kabisa. Wataitikia "Ndiyooo!" na hutakuwa umejua lolote. Kipindi kikikaribia kuisha wape hesabu moja, waifanye kwenye daftari, nawe upite kati ya madawati ukichungulia. Utamkuta aliyejumlisha nusu na theluthi akapata 2/5, kwa sababu amejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Kesho unaanzia hapo.

Uwanjani, tafadhali, usiwapange foleni ndefu kusubiri mpira mmoja. Jioni nzima msichana anaugusa mara chache, halafu tunashangaa mikono haidaki. Wagawe vikundi vya wanne wanne. Wasio na mpira wajifunze kutua: aruke, atue, asimame imara bila kuburuta mguu aliotangulia kutua nao. Filimbi nyingi za "hatua", yaani kosa la miguu ukiwa na mpira, zinatokana na hapo.

Kuhusu kusahihisha, namheshimu sana John Wooden, kocha wa mpira wa kikapu wa chuo kikuu cha UCLA, aliyetwaa ubingwa wa vyuo vya Marekani mara 10 kati ya 1964 na 1975. Kabla ya hapo alikuwa mwalimu wa Kiingereza sekondari. Watafiti wawili walioketi kwenye mazoezi yake waliona hotuba hana, na sifa zake ni chache. Mengi aliyosema yalikuwa maelekezo mafupi. Mchezaji akikosea, alimwonyesha inavyotakiwa, akamwigizia alivyokosea, akamwonyesha tena inavyotakiwa. Sekunde chache, zoezi linaendelea. Jaribu hivyo kwa anayepasi akiwa ameinua viwiko: kosa moja tu kwa wakati mmoja, mengine yasubiri.

Niandikie unieleze wanatuaje.

Mama yako