Mwanangu, funga akaunti yako ya huku nyumbani

Nyamanoro, Mwanza

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Huku hatujambo. Bibi yako miguu imepata nafuu, na baba yako yuko Ukerewe tangu Jumatatu, amefuata dagaa.

Nimeusoma ule ujumbe wako mrefu. Unasema mdogo wako anachungulia mambo yako na unataka nimnyang'anye kompyuta mpaka ufunge chuo. Sitamnyang'anya. Ana mtihani mbele yake, na wewe uliondoka kwenda Dodoma ukaacha akaunti yako wazi kwenye kompyuta ya sebuleni inayotumiwa na nyumba nzima.

Nikueleze nilichokikuta. Mtu akifungua Chrome, ile programu ya kuingilia mtandaoni, picha yako iko pale juu. Anachotafuta mdogo wako kinaingia kwenye historia yako, na ulichotafuta wewe huko bwenini kwa simu kinamjia yeye akiandika herufi mbili tu. Nywila zako zimehifadhiwa, ukurasa ukifunguka zinajijaza zenyewe. WhatsApp nayo uliiunganisha siku zile za kuhangaika na fomu za Bodi ya Mikopo, hukuikata. Ujumbe unashuka huku hata simu yako ikiwa imezimwa. Kwa hiyo mtoto hakuvunja mlango. Alikaa afanye jiografia, maneno ya rafiki yako yakamtokea usoni. Siri ya mtungi aijuaye kata, na humu ndani wote tulikuwa tunachota kwa kata moja.

Mimi sikusoma. Najua ungeuliza, ndiyo maana nakwambia mapema. Una miaka 19, na mambo ya binti wa umri huo mama husubiri kuambiwa, haendi kuyaokota kwenye skrini.

Sasa fanya hivi, na ufanye wewe mwenyewe. Ingia kwenye akaunti yako ya Google, nenda sehemu ya usalama, tafuta orodha ya vifaa vyako. Utaiona kompyuta ya nyumbani, utaiona simu yako ya zamani, na sitashangaa ukiikuta na kompyuta ya ile steshenari ya mjini ulikokuwa unajazia fomu. Kote huko jiondoe, kisha ubadilishe nywila. Kwenye WhatsApp fungua vifaa vilivyounganishwa, ukate kila usichokishika mkononi. Ukishamaliza, mimi nitafuta wasifu wako, yaani sehemu yenye jina na picha yako, kwenye Chrome ya hapa, kwa sababu ukijiondoa kwa mbali, vitu vilivyokwisha kushuka kwenye kompyuta vinaweza kubaki.

Mdogo wako nimemfungulia akaunti yake ya kuingilia kompyuta yenyewe. Alidhani wasifu tofauti wa Chrome unatosha. Hautoshi, maana mtu yeyote aliyekaa pale anabonyeza picha ya mwenzake na kuingia. Akaunti ya kompyuta ina nywila, na mafaili ya kila mmoja yanakaa kwake. Akaunti ya msimamizi wa kompyuta ninayo mimi, na nimemwambia waziwazi kwamba mwenye hiyo anaweza kufungua ya wengine. Nywila yake sijamwuliza. Kompyuta inakaa sebuleni, nywila inakaa kichwani mwake, na kwa kijana wa kidato cha tatu naona hapo tumepatana vizuri.

Kitinda mimba ni habari nyingine. Hajafikisha miaka 13, kwa hiyo akaunti yake naisimamia kwa Family Link, programu ya Google ya wazazi, na nywila ninayo, na hilo halina mjadala. Kabla sijampa ile simu yako ya zamani, ondoa akaunti yako kwanza ndipo tuifute. Ikifutwa kwa vitufe vya pembeni akaunti yako ikiwa bado imo, ikiwaka itadai nywila yako, na wewe uko Dodoma.

Baba yako hili jambo alikuwa halitaki. Alisema watu wa nyumba moja hawafichani, na mtoto anayefunga simu ana lake jambo. Hakubadilishwa na maneno yangu, alibadilishwa na dagaa. Unajua jioni simu yake inavyozagaa, kila mtu anaishika. Mnunuzi mmoja wa pale soko la Mwaloni, Kirumba, alimwandikia bei ya gunia, bei ya kutupa, akauliza kama wamekubaliana. Kitinda mimba alikuwa anatazama katuni, ujumbe ukamfunika katuni yake, akabonyeza ile alama ya kidole gumba ya kukubali ili uondoke. Asubuhi mnunuzi kaja na gari. Baba yako akaeleza weee, mwenzake akamwonyesha kile kidole kwenye simu. Kwa wafanyabiashara wa Kirumba kidole ni neno, ikabidi auze.

Tangu siku hiyo simu yake ina namba ya siri, na mtoto akitaka katuni baba anabandika programu: ukiwasha hiyo kwenye mipangilio, simu inaganda kwenye kile ulichomfungulia, hatoki mpaka mwenyewe aandike namba. Tatizo lililobaki ni bibi yako. Anasikiliza kwaya kwenye YouTube ya simu ileile, mdogo wako akiishika anatafuta singeli, basi kikiisha kibao cha Bwana asifiwe kinafuata cha kukata viuno. Bibi anasema simu ina pepo. Nimeizima historia ya kutazama, tutaona.

Usinielewe kwamba nawafundisha kufichana. Katiba yetu, ibara ya 16, inamhesabia kila mtu heshima ya maisha yake binafsi na mawasiliano yake, na haijasema isipokuwa ndani ya nyumba ya mama yake. Hata hiyo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyoanza kutumika Mei 2023 mimi nimeijali zaidi kwa sababu ya kazi. Unakikumbuka kishikwambi changu, vile vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 kisha walimu tukagawiwa. Mmenililia sana nikiachie kwa ajili ya magemu. Mle mna majina ya watoto wa watu, alama zao, namba za simu za wazazi wao. Mdogo wako akimwona jirani yetu wa bondeni kapata alama nane za hisabati, kesho mtaa mzima unaimba. Si mali yangu, na siri zilizomo si zangu. Kinalala kabatini.

Nimebakiza kubwa, na hili ndilo ungeniandikia kwalo badala ya kulalamika juu ya mdogo wako. Laini unayotumia imesajiliwa kwa jina langu. Ulipoipata hukuwa na miaka 18, hukuwa na namba ya NIDA ya kitambulisho cha taifa, na tangu mwaka 2019 usajili ni wa alama za vidole. Vilivyowekwa ni vyangu. Nikibonyeza *106# namba yako inahesabiwa kati ya laini zangu. Maana yake pesa iliyomo kwenye simu yako, kwa karatasi, ni ya mama yako. Ukikosea namba ya siri ikajifunga, mtandao wanamtaka mama yako. Mtu akitapeli kwa namba hiyo, anayetafutwa ni mama yako. Na ukipoteza simu usiku huko, kurudisha laini hakuwezekani mpaka mimi nitoke shule niende dukani na kidole changu.

Tena namba ya kurejesha akaunti yako ya Google umeweka yangu. Zile namba za uthibitisho zinaniingilia nikiwa ubaoni, nawe unanipigia mara kumi nikusomee. Nikusomee leo, kesho atanipigia mtu mwenye sauti kama yako nimsomee na yeye. Kuanzia sasa sisomi namba ya uthibitisho kwa simu, hata ukilia. Weka laini yako mwenyewe, na uwashe uthibitishaji wa hatua mbili.

Kwa hiyo fuatilia NIDA huko huko. Namba ikitoka, tuhamishe laini ije kwenye jina lako ukija likizo, maana na mimi nahitajika kuwepo. Kabla ya hapo usiweke pesa nyingi humo, na ile namba ya siri ya pesa uliyowahi kunitajia mbele ya shangazi yako, ibadilishe leo.

Mambo ya Google na WhatsApp yamalize kabla ya Ijumaa uniandikie "tayari", kwa sababu Jumamosi mdogo wako ana kazi ya shule ya kuchapa na sitaki aiguse kompyuta ukiwa bado umo. Baba yako akirudi atakutumia dagaa kwa basi. Nitakutumia namba ya kondakta, uwahi stendi wewe mwenyewe, usimtume mtu.

Mama yako